Vifaa vya jikoni vya kazi moja tu: kipi kibaki, kipi kiondoke?

Kabati_Dogo (Dar es Salaam)

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie kuchambua vyombo. Jiko ni la flati, mita 1.8 kwa 2.4. Kabati mbili za ukutani, droo moja, na meza ya terazo ambayo ukishaweka jiko la gesi inabaki na sentimita 90 za kufanyia kazi. Walaji wanne. Nazi hutumika mara tatu kwa wiki, maharage mara mbili, vitumbua kila Jumapili, chapati Ijumaa.

Vilivyojaza kabati: mbuzi ya nazi ya kukunjika, chuma cha vitumbua cha vishimo saba, kinu kidogo cha mbao, presha kuka ya lita 5, blenda, mashine ya chapati ya umeme, mashine ya tambi ya shaba, kikamulio cha ndimu, kikamulio cha saumu, kikata chipsi, kikata mayai, mashine ya bisi na kile kidude cha plastiki cha kubania sambusa. Sufuria, visu, miiko na tawa havimo kwenye mjadala.

Kipi kibaki, na kwa nini? Naomba sababu za jikoni, siyo "hicho ni cha asili yetu". Na nyongeza: vitumbua vya katikati vinaungua, vya pembeni vinabaki vyeupe na vinashika. Shida ni chuma au uji?

Bi_Upawa (Tanga)

Kwanza acha kupima kabati, pima sinki. Kinachobana jiko dogo ni kile chombo chenye vipande vingi vya kuosha, kwa sababu hicho ndicho kinachoshinda juu ya meza kikichuruzika maji. Mbuzi ni kubwa lakini ni kipande kimoja, unaifuta na kuitundika. Kikamulio cha saumu kinaingia kiganjani lakini vitundu vyake vinataka mswaki. Ukipanga vitu vyako kwa hesabu hiyo utashangaa vidogo ndivyo vinavyotangulia kuondoka.

Mbuzi ibaki, kwa nazi mara tatu kwa wiki hakuna mjadala. Ila iangalie hivi. Ulimi wake usicheze: ukiushika kwa vidole viwili ukautikisa na ukasikia unagonga, kaza skrubu au piga ripiti upya, maana ulimi unaocheza ndio unaochota mabonge badala ya kukuna. Meno yakiwa butu nazi inatoka kama vijiwe na tui linapungua. Chukua tupa ndogo ya pembe tatu, pitisha kati ya jino na jino kutoka upande mmoja tu, mara tatu nne kila pengo. Usinoe pande zote mbili, utayamaliza meno.

Kuna watu wanailaumu mbuzi kumbe wanakuna vibaya. Nazi ikishavunjwa, onja maji yake kabla ya kuanza: yakiwa na uchachu au harufu ya mafuta ya zamani, hiyo nazi haifai hata ukiikuna kwa dhahabu. Shika kifuu kwa mikono miwili, anza ukingoni, mikwaruzo mifupi ya kushuka, huku unakizungusha kidogo kidogo. Ukianza katikati, kingo zinavunjika vipande na vipande havitoi tui. Simama unapoona rangi ya kahawia. Ile ngozi ikiingia, tui linakuwa la kijivu na wali unapoteza weupe wake.

Kukamua: nazi moja ya wastani, kikombe kimoja cha maji (mililita 250) ya uvuguvugu unaoweza kuvumilia kwa mkono. Finyanga kama dakika mbili, chuja. Hilo tui zito, weka pembeni. Rudia kwa kikombe kimoja na nusu, hilo ndilo jepesi. Maji ya uvuguvugu si mazoea tu: mafuta ya nazi huanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo ukikamua kwa maji ya baridi, na hasa ukiwa Njombe au Lushoto, mafuta yanabaki kwenye machicha na unayamwaga. Mchuzi upikie tui jepesi, zito litie mwishoni kwa moto mdogo ukikoroga, vinginevyo linakatika.

Kifumbu, kile kichujio cha kusukwa cha kukamulia tui, sijaona kwenye orodha yako. Chujio la nyavu nene litakutosha, usinunue kingine. Kifumbu ni kizuri lakini kinataka jua kila kikitumika, na flati nyingi hazina jua la kutosha. Kikilala na unyevu kinachacha na kila tui linalofuata linanuka.

Fundi_Kusubu (Gerezani, Dar es Salaam)

Nijibu la vitumbua maana hapo pana makosa mawili na yanachanganywa kuwa moja.

Kuungua katikati na weupe pembeni ni moto. Jiko la gesi linatoa ulimi wa duara dogo, na chuma cha vishimo saba kina kishimo kimoja katikati na sita kukizunguka, kwa hiyo kile cha katikati kinakaa juu ya moto wenyewe. Weka tawa lako bapa chini, chuma juu yake, moto mdogo, dakika saba hadi nane kabla ya kutia mafuta. Tawa linasambaza joto. Halafu kila raundi zungusha chuma kidogo, moja ya sita ya duara. Ukitumia mkaa tatizo hili hulioni, kwa sababu makaa yametapakaa.

Kushika ni suala jingine: ama chuma hakijakomaa, ama sukari imezidi. Kwa mchele vikombe viwili, sukari isizidi nusu kikombe. Ikizidi, inayeyuka na kugeuka gundi kwenye kuta za kishimo kabla kitumbua hakijashikana. Wanaotaka vitumbua vitamu sana wapake shira baada ya kutoa.

Sasa chuma. Angalia kwanza ni cha kusubu (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) au cha alumini. Cha kusubu ni kizito, kina chembechembe ukikipapasa, sumaku inakamata. Cha alumini chepesi, cheupe, sumaku haikamati. Cha alumini kinapata moto haraka na kinapoa haraka, kwa hiyo kila ukimimina uji baridi kinashuka joto na kitumbua kinashika. Siyo kibaya, ila kinataka mafuta zaidi na subira kati ya raundi. Cha kusubu kikikomaa, kitumbua kinazunguka chenyewe ukikigusa kwa kijiti.

Kukikomaza: kisugue kwa waya wa chuma utoe kutu na mchanga wa kusubia, osha, kikaushe juu ya moto mpaka usione unyevu. Paka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, halafu chukua kitambaa kikavu ufute kana kwamba ulikosea kupaka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mafuta yakiwa mengi hayakomai, yanakuwa ulimbo unaonata. Kiweke motoni mpaka kitoe moshi na moshi ukate, kama dakika kumi na tano. Kiache kipoe. Rudia mara tatu au nne. Fungua madirisha, moshi wake si mchezo. Raundi mbili za kwanza za vitumbua usizile, zinabeba masizi.

Baada ya hapo usikiloweke. Futa kikiwa cha moto, na kama kimeshika, tia maji kidogo kwenye vishimo yachemke, kwangua kwa kijiti, mwaga, kausha motoni, paka tone la mafuta. Kwa unyevu wa pwani chuma kilichohifadhiwa na maji kinaamka na kutu asubuhi yake.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: chuma hiki chini kimebenjuka, hakina kitako bapa. Mtu mwenye jiko la umeme la kioo asikinunue, kinagusa kioo kwa nukta chache tu na hakipati moto. Na cha alumini kwenye jiko la induksheni hakifanyi kazi kabisa.

Kibaki? Kwa vitumbua kila wiki, ndiyo. Hakuna sufuria inayotengeneza kishimo. Na kina faida ya ziada, mayai yaliyopigwa na kitunguu na hoho huiva humo vizuri kwa moto mdogo, ukikifunika.

Mwiko_Mkavu

Vile vidude vya droo nimalize haraka.

Kikata mayai: kisu chenye maji kinafanya kazi ileile, futa ulimi kila mkato. Kiondoke. Mashine ya bisi: sufuria ya lita 3 yenye mfuniko, mafuta vijiko vitatu vya chakula, tia punje tatu, zikipasuka mwaga nusu kikombe cha mahindi ya bisi, funika ukiacha mwanya wa mvuke, tikisa. Mvuke usipotoka bisi zinakuwa kama mpira. Kiondoke.

Kubania sambusa: hicho ni cha maandazi ya Kichina, siyo sambusa. Kinakunja nusu duara na kuacha ukingo mnene ambao hauivi wakati manda za pembeni zimeshakuwa rangi ya dhahabu. Sambusa inafungwa pembetatu kwa gundi ya unga na maji, kijiko cha chakula cha unga kwa kimoja na nusu cha maji. Hapo hakuna mashine.

Kikata chipsi: ni kifaa kizuri sana, kwa mwenye kibanda. Kwa walaji wanne unakata viazi vinane kwa dakika tano za kisu, halafu unatumia dakika tano nyingine kuchokonoa vipande vilivyobanana kwenye nyembe. Na viazi vikubwa lazima uvikate kwanza ili viingie. Mpe mtu wa chipsi mayai mtaani kwenu, atakushukuru.

Kwenye hiyo droo weka kisu cha kumenyea, kile chenye ulimi unaocheza. Hujakitaja, na hicho ndicho cha kazi moja kinachostahili: viazi, karoti, embe bichi za achari, papai bichi. Kisu cha kawaida kinaondoa nyama nyingi pamoja na ganda.

Kabati_Dogo

Asanteni sana wakuu. Chuma ni cha kusubu, sumaku imekamata. Maswali mawili yamebaki. Blenda haiwezi kuchukua nafasi ya mbuzi nikabaki na chombo kimoja? Na uji wa vitumbua wenye vipimo, tafadhali.

Bi_Upawa (Tanga)

Uji kwanza. Mchele vikombe viwili (kama gramu 400), loweka saa nane, mwaga maji. Saga na tui zito kikombe kimoja na robo, iliki punje sita, hamira kijiko kimoja cha chai. Saga mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie chenga. Chenga zikibaki, kitumbua kinakuwa na mchanga na kinapasuka kukigeuza. Sukari tia mwishoni. Funika mahali pa joto, dakika 45 hadi saa moja, mpaka uso uwe na mapovu. Ukiuacha saa tatu kwa joto la Dar unachacha na vitumbua vinabonyea vikipoa. Uzito wake: ukimimina kwa upawa uanguke kama utepe, siyo kama maji, siyo kwa mabonge. Kila kishimo kijiko cha chai cha mafuta, uji robo tatu ya kishimo. Unapata raundi tatu za vishimo saba.

Blenda kwa nazi inawezekana, lakini hesabu kazi yote. Kwanza lazima utoe nyama kwenye kifuu. Hapo ndipo watu wanapojichoma kisu. Njia salama: weka nusu ya nazi, kifuu kikiangalia moto wa gesi, dakika mbili tatu, kifuu kinapata joto na nyama inaachia; ingiza ncha ya kijiko, siyo kisu. Menya ile ngozi ya kahawia, kata vipande vya sentimita mbili, maji ya uvuguvugu vikombe viwili kwa nazi nzima, saga kwa awamu mbili, jagi lisipite nusu. Sekunde 30, pumzika, sekunde 30. Maji ya moto sana yanainua mfuniko na kukurushia tui usoni, na yanaharibu ule mpira chini ya kisu. Ukianza kuona mafuta meusi yakitoka chini ya jagi, mpira umekwisha.

Blenda inasaga laini kuliko mbuzi na tui linakuwa jingi kidogo, ila chujio la nyavu halitoshi tena, utataka kitambaa. Kwa hiyo unaosha jagi, kisu, mpira, mfuniko, kitambaa, na kisu cha kumenyea. Nazi moja kwa mbuzi ni dakika sita saba kwa mkono uliozoea. Kwa nazi moja mbuzi inashinda. Kuanzia nazi tatu, blenda inashinda.

Njia ya tatu ni kukuniwa kwa mashine sokoni. Haina ubaya, mradi uchague nazi mwenyewe, ivunjwe mbele yako, na uonje. Ila nazi iliyokunwa haisubiri. Ikitoka saa tatu asubuhi ikapikiwa saa mbili usiku bila friji, imeshachacha. Mtu anayepita sokoni jioni kila siku anaweza kuachana na mbuzi kabisa. Asiyepita, abaki nayo.

Thomu_na_Bizari (Mombasa)

Naona kinu hakijaguswa. Kinu kidogo kibaki na usikubali mtu akuambie blenda inatosha. Blenda haiwezi kusaga kidogo: punje sita za thomu (saumu) na kipande cha tangawizi cha sentimita tatu zinarushwa ukutani mwa jagi, kisu kinazunguka hewani, basi unaongeza maji. Ukishaongeza maji, thomu haikaangiki tena, inachemka kwenye mafuta na mchuzi unakosa ile harufu. Kinuni unatia chumvi ya mawe kidogo iwe ya kukwaruza, unaponda dakika moja, imekwisha.

Tatizo la kinu cha mbao ni moja: kinakumbuka. Ukiponda thomu leo na hiliki ya chai kesho, chai itanukia thomu. Basi ama uwe na kinu cha jiwe, ambacho kinaoshwa kikatakata, ama kinu cha mbao kiwe cha thomu na tangawizi tu na hiliki uiponde kwa mgongo wa kikombe kizito ndani ya kitambaa. Usikiloweke majini, kitapasuka kikikauka. Suuza, futa, kilaze kwa ubavu hewa ipite. Kikinuka sana, ponda ndani yake mchele mkavu konzi moja mpaka uwe unga wa kijivu, mwaga, rudia mpaka unga utoke mweupe.

Ukishakuwa na kinu, kikamulio cha thomu hakina kazi. Kinaacha sehemu kubwa kwenye vitundu na kukuongezea mswaki.

Kikamulio cha ndimu hakili nafasi, kiache kama mwatumia ndimu kila siku. Ila wengi wanaiweka kinyume! Wanafuata umbo la kikombe, wanaweka ganda chini. Upande uliokatwa ndio uangalie vitundu, ganda liwe juu, ukibana nusu ya ndimu inapinduka ndani nje na maji yote yanashuka. Ukiweka kinyume maji yanakurukia machoni. Kisiwe kile cha rangi rangi: asidi ya ndimu inabandua rangi na inaingia kwenye kachumbari. Na hata kisicho na rangi kioshe papo hapo.

Mashine ya tambi ni maneno mengine. Ni kitu kizuri, cha kudumu, na mtu aitoa Ramadhani akairudisha. Chombo cha mwezi mmoja hakifai kukaa kwenye kabati mbili. Nyumba tatu nne zichangie moja, anayetumia ndiye anayehifadhi mpaka mwengine aitake. Sahani zake za vitundu huwa ndizo zinazopotea, zifunge pamoja kwa uzi uliopita kwenye vitundu.

Na kabla hujaiazima, jua kuitumia isije ikarudi imeharibika. Unga wa dengu gramu 500 uuchekeche kwenye chekecheo la nyavu laini. Donge moja tu laziba kitundu na tambi zatoka nusu. Chumvi, pilipili ya unga, manjano, mafuta ya moto vijiko viwili, maji kidogo kidogo mpaka donge liwe laini la kunata, laini kuliko la chapati. Likiwa gumu mtu hulazimisha mkono na skrubu huliwa meno. Paka silinda mafuta, shindilia donge pasibaki hewa, maana hewa ikifika kwenye sahani hupasuka na mafuta hukurukia. Ikimaliza kazi, isugue kwa ndimu na chumvi, suuza, kausha kabisa. Shaba ikilala na maji hutoa kutu ya kijani, na hiyo si ya kula.

Mzenji_Muscat

Kwa walio nje ya nyumbani, nyongeza kuhusu mbuzi. Hapa Muscat na hata Ulaya, maduka ya Kihindi yanauza mbuzi ya kuzungusha kwa mkono: kichwa cha meno kama ua, mkono pembeni, nusu ya nazi unaibana kwa kiganja huku unazungusha. Ziko za aina mbili. Yenye kikazio cha skrubu inakamata meza ya mbao au yoyote yenye ukingo usiozidi unene wa kikazio, pima kabla ya kununua. Yenye kitako cha mpira wa kunyonya inakamata marumaru au kioo tu, na lazima ulowanishe mpira kwanza. Kwenye mbao hewa inapita, inang'oka katikati ya kazi na mkono unaingia kwenye meno. Inakaa kwenye droo, haitaki kukaliwa, na wenye magoti mabovu hawaumii. Ila inataka nazi iliyovunjwa sawasawa katikati. Ikivunjika upande, kipande kidogo hakikamatiki.

Pia kuna nazi iliyokunwa ya kugandishwa kwenye friza za maduka ya Kiasia. Iyeyushe kabisa kabla ya kutia maji ya uvuguvugu, usiimwagie ikiwa barafu. Sababu ni ileile aliyosema Bi Upawa ya mafuta kuganda.

Mwiko_Mkavu

Mashine ya chapati mmeikwepa wote. Nayo iondoke, mtu asinunue mtego huo.

Fundi_Kusubu (Gerezani)

Mkuu, hapo nusu unasema kweli. Mashine ile si mbovu, imetengenezewa mkate mwingine. Imefanywa kwa roti ya Kihindi: unga wa ngano usiokobolewa, hauna mafuta ndani, hauna tabaka. Donge la gramu 40 hivi, limekandwa kwa maji ya moto na kuachwa nusu saa, linawekwa nyuma kidogo ya katikati, mfuniko unabanwa sekunde moja au mbili, unafunguliwa haraka. Ukichelewa, mvuke unajikusanya, roti inapasuka na kurushwa.

Chapati yetu inasukumwa, inapakwa mafuta, inakunjwa kama konokono, inaachwa, inasukumwa tena. Ukiibana kati ya sahani mbili za moto, tabaka zinagandamana, mafuta yanakamuliwa pembeni, na donge linateleza upande mmoja likawa umbo la sikio. Kwa hiyo kwa nyumba ya roti kila siku ibaki. Kwa chapati za Ijumaa, tawa na mti wa kusukumia vinatosha, na hata mti wenyewe chupa ya kioo iliyonyooka inaweza kushika nafasi yake.

Bi_Upawa (Tanga)

Presha nayo haipo kwenye kundi la kazi moja: maharage, makongoro, utumbo, mbaazi, nyama ya ng'ombe mzee. Ibaki bila swali. Maharage yaliyolowekwa saa nane yanaiva dakika 15 hadi 20 tangu mluzi wa kwanza, moto mdogo, kisha iache ishuke yenyewe dakika kumi. Isijae zaidi ya nusu kwa maharage, povu lake linaziba tundu la mvuke. Kabla ya kufunga, inua mfuniko kwenye mwanga uone tundu liko wazi. Na usiihifadhi ikiwa imefungwa: mpira unabaki umebanwa, unapoteza unene na unanuka. Toa mpira, osha, geuza mfuniko juu chini uulaze juu ya sufuria yake. Ikianza kutoa mvuke pembeni badala ya juu, mpira umekauka, nunua mwingine wa kipimo kilekile, usiutie mafuta ukidhani utarudi.

Kabati_Dogo

Basi vinabaki mbuzi, chuma, kinu, presha, blenda na kikamulio cha ndimu. La mwisho kabisa: mbuzi ya kukunjika niitundike wapi? Ikikaa sakafuni inapigwa teke na ulimi ni hatari kwa watoto.

Fundi_Kusubu (Gerezani)

Nyuma ya mlango wa jiko, juu ya usawa wa mkono wa mtoto, mita 1.6 kwenda juu. Usitumie msumari mmoja, mbuzi ya mbao ina uzito na mlango unapogongwa inaruka. Weka ndoano mbili za skrubu zipishane sentimita kumi, zishike ule ubao wa juu ikiwa imekunjwa, ulimi ukiangalia mlango. Kata kipande cha mpira wa maji wa nusu inchi, kipasue kwa urefu, kivalishe kwenye meno. Na ikaushe kwanza. Ukiitundika mbichi, mbao zinavimba kwenye maungio na siku ya pili haifunguki mpaka uigonge.